Mwaitu ni Beki Namba Tano

Kila wakati kuna gemu inakuja. Sijawahi kumaliza wiki bila mtu kuingia kwetu na uso wa habari kubwa, kama ametumwa na chifu, kuniambia kuna gemu inakuja. Na jibu langu ni lile lile: ikifika, iambie nimetoka.

Kwetu ni Kwa Vonza, Kitui, nyuma ya soko, nyumba ya mabati yenye mlango wa kijani. Sitting room ya mwaitu, yaani mama yangu, tuliikata katikati na pazia. Nyuma ya pazia ni kwake: makochi, Biblia, na kalenda za miaka iliyokufa ambazo hataki kutoa kwa sababu picha bado ni nzuri. Mbele ya pazia ni kwangu: TV, mabenchi mawili, na mashine moja ya gemu na pad zake mbili za kuchezea. Hapo ndipo nimefanyia kazi tangu niachane na shule darasa la nane. Wenzangu walienda sekondari kujua vile majani hupika chakula chake. Mimi nikabaki nikijua vile watu hukasirika wakifungwa.

Sheria ya hapo ni moja na nimeiandika ukutani na makaa: anayefungwa anaachia pad. Haijalishi wewe ni nani. Kuna siku pasta alikuja kumtafuta mwaitu kwa maneno ya fellowship ya akina mama, akaambiwa ameenda kisimani, akaketi kidogo. Kidogo ikawa muda mrefu, akashika pad, akafungwa na kijana wa bodaboda, na badala ya kuachia akaanza kutuambia vile ushindi wa dunia hii ni wa kupita. Nikamwambia, pasta, achia pad kwanza, hayo mengine utatuambia ukiwa umesimama. Akaachia. Tangu hapo hakuna mtu hubishana na hiyo sheria.

Kitu kingine utaona ukiingia ni vitambaa. Mwaitu anashona kroshia kama mtu amelaaniwa. Redio ina kitambaa, TV ina kitambaa, thermos ina kitambaa, mtungi wa maji ya kunywa una kitambaa na juu ya kitambaa kuna kikombe chenye kitambaa chake kidogo. Ukikaa kwetu sana bila kusonga utajipata umevalishwa. Kwake, kitu hakina kitambaa ni kitu hakina mwenyewe. Mashine yetu ya zamani ilikuwa na yake ya buluu, na haikuwahi kulalamika. Hiyo mashine imekula vumbi la Kwa Vonza mpaka ikikohoa unaona rangi nyekundu. Imekanyagwa na mbuzi. Mende walizaa ndani, wakalea, wakahama. Unaiwasha, inaamka, unacheza.

Sasa gemu yetu ya mpira ni ya kitambo. Wachezaji waliokuja nayo wote wamestaafu, wengine ni makocha wenye vitambi. Kwa hivyo niliwafuta. Ile gemu inakubali ubadilishe majina, sura, nywele, urefu, mbio, kila kitu, na mimi nilikuwa na wakati. Nikaunda ligi yetu, mtu mmoja mmoja. Kuna timu ya Kwa Vonza, ya Mukuyuni, ya Wote, ya stage ya bodaboda, ya akina mama wa nyanya. Watu wakawa wanakuja hata bila kucheza, wanataka tu kujiona. Kuna mzee mmoja wa kutoka upande wa Garissa ambaye hununua mbuzi soko letu na kupeleka na lori. Yeye ni namba tisa wa Kwa Vonza. Aliniomba ndevu zake ziwe nyekundu ya hina, nikatafuta rangi mpaka nikaipata, na siku aliona akasogea karibu na TV akasema, "Huyu kijana hata pua amenipatia." Ukinikosea, nakupunguzia mbio. Kuna fundi mmoja wa viatu alinichezea shere, mpaka leo kwa gemu anakimbia kama amebeba magunia.

Mwaitu nilimweka beki namba tano. Nilimpa nguvu zote gemu inaweza kumpa binadamu. Mbio sikumpa, hiyo ingekuwa uongo. Alipogundua alikasirika sana, akaniuliza ni wapi nimeona mama wa kanisa amevaa kaptula mbele ya wanaume. Nikamvutia soksi juu mpaka pale gemu iliruhusu. Halafu akaanza kuleta wamama wa fellowship mmoja mmoja, eti wanapitia tu maji. Na kila jioni akichambua muthokoi, mahindi ya kukoboa, nyuma ya pazia, ananiuliza kwa sauti ya mtu ambaye hajali, "Leo nilicheza aje?"

Namwambia, "Hakuna mtu amepita, mwaitu."

Anajibu, "Ni nesa," yaani ni vizuri. Anaendelea na muthokoi yake.

Ligi yote hiyo inakaa ndani ya tumbo la mashine. Huwezi kuitoa na flash, kwa sababu mlango wa flash ulikufa siku mteja mmoja aliingiza kijiti cha peremende kuona kama kitaingia. Kiliingia. Kwa hivyo mashine ikienda, sisi wote tumeenda.

Mtu aliyekuwa ananisumbua zaidi na gemu zinazokuja ni mwanachuo mmoja wa miwani. Chuo kiko karibu, na wanachuo wakikosa lekcha wanakuja kwangu kufungwa. Huyu alikuwa anajua kila kitu ambacho bado hakijatoka. Kitu ikishatoka, haitaki tena, anahamia ile inafuata. Hajawahi kumaliza gemu hata moja, lakini amemaliza kuzingoja zote.

Yake kubwa ilikuwa ile ya kuiba magari katika mji wa pwani ya Wazungu. Hiyo gemu imekuwa ikija tangu niwe na meno ya maziwa. Wanatoa video, wanaahirisha, wanaomba msamaha, wanatoa picha ya mtu amesimama kando ya gari, wanaahirisha tena. Siku moja akanivuta nione kwa simu yake vile jasho la huyo mtu linang'aa. Eti wamefanyia jasho kazi miaka mingi. Nikamwambia akitaka kuona jasho ashuke mtoni kwa wale wanachota mchanga, hapo linaonekana bure na halihitaji kuahirishwa. Mzee wa mbuzi alikuwa ameketi kwa benchi, akaomba kuona pia. Akaangalia ile simu vizuri, akauliza, "Na hiyo jasho inamwongezea mbio?"

Mwanachuo akasema hapana, ni ya kuonekana tu.

"Basi ni kazi ya bure," mzee akasema, na akarudisha macho kwa TV.

Mimi na yeye tunaelewana hapo. Kuna gemu mpya ya mpira, ile hutoka kila mwaka. Hiyo ni ya mwaka jana imebadilisha shati. Mtu anapanga foleni kununua shati ambalo hata hatalivaa. Kuna gemu za zamani ambazo wanazipaka rangi na kusema zimezaliwa upya, kama lori la kuuza mitumba likiandikwa jina jipya mbele. Kuna gemu za kupiga risasi, ambazo sijui zinakujaje kila mwaka na vita ni ile ile, ukuta ni ule ule, na mtu anakupigia kelele kwa Kizungu kwamba usonge mbele. Ningetaka kusonga ningekuwa nje. Kuna ile mashine ndogo ya kushika mkononi, ambayo mpya yake inatofautiana na ya zamani kwa kuwa ni kubwa kidogo. Hapo kwa kubwa kidogo ndipo akili zao zote ziliishia. Hiyo ni mashine ya mtu mzima kujifungia nayo chooni ili watoto wake wasimuone.

Halafu wanatoa zile mashine kubwa ambazo hazina mdomo. Hakuna pa kuingiza CD. Gemu unaivuta kutoka hewani na siku wakikasirika wanaivuta kurudi. Mwanachuo ananiambia hiyo ndiyo mambo ya kesho. Mimi namwambia kitu bila mdomo hakiwezi kula, na kitu kisichokula kwetu hakimalizi msimu.

Nilikuwa naongea hivyo kwa raha zangu, kwa sababu kesho ilikuwa mbali. Halafu kaka yangu akapiga simu.

Kaka ni kifungua mimba. Ana kaofisi huko Wote na ana mkanda wa ngozi, na ndiye alinunua ile mashine ya kwanza, kwa hivyo akiongea juu yake hakuna mtu anaweza kumjibu. Kwetu maneno ya kifungua mimba huwa yanafika yakiwa yameshapitishwa. Akaniambia amenunua mpya kabisa, ile bila mdomo, anakuja nayo. Nikamwambia asante. Akaniambia ile ya zamani tayari ameahidi mtu wa Mukuyuni ambaye anafungua kibanda kama changu, na Jumamosi ya wiki inayofuata yeye mwenyewe, kaka, atakuja kuichukua.

Nikamuuliza kama hatuwezi kubaki na zote mbili. Akasema ameshapeana neno. Nikamwambia ndani kuna watu. Akacheka, akaniuliza watu gani. Unawezaje kumwambia mtu wa mkanda wa ngozi kwamba soko nzima inaishi ndani ya mashine, na kwamba mama yake ni beki?

Alikuja nayo. Ilikuwa nyeupe, ndefu, imesimama wima kama mtoto wa tajiri amekataa kuketi kwa benchi yetu. Kaka akaiweka mezani, akarudi nyuma, akashika kiuno.

"Hii ndiyo future, kijana," akasema.

Nikamwambia future imejaza nafasi yote, siwezi kusogeza hata benchi. Akanikata jicho, akanywa chai ya mwaitu, akarudi Wote kabla jua kushuka, na akaniacha na future peke yangu.

Wacha niseme vile mashine mpya hufanya. Ile ya zamani unaiwasha unacheza. Hii unaiwasha unaomba ruhusa. Ilitaka email. Nikaipa ya mwanachuo. Ikataka siku ya kuzaliwa. Ikataka nikubali masharti marefu kuliko mahubiri ya mazishi ya mtu aliyekuwa na mali. Nikakubali yote, hata sasa sijui niliahidi nini, pengine figo. Halafu ikasema inataka update. Nikanunua bundles za internet, nikaweka simu dirishani pale network hukubali, nikangoja. Ule mstari wa kuonyesha imefika wapi ulikuwa unatembea kama mgonjwa wa goti. Wateja wakaja, wakaketi, wakaangalia mstari. Mzee wa mbuzi akaangalia mstari. Lori lake likapiga honi, akatoka, akaenda na mbuzi wake, na mstari haujafika nusu. Ilipomaliza, ikasema asante, sasa inataka update nyingine ya ile update.

Mwanachuo alikuwa anazunguka hiyo mashine kama bwana harusi. Ananionyesha nyasi. Eti angalia nyasi za uwanja, kila unyasi unasonga peke yake. Nikamuuliza kama anataka kucheza ama kulisha ng'ombe. Kwa hiyo gemu mpya ya mpira hakukuwa na Kwa Vonza. Hakukuwa na Mukuyuni. Hakukuwa na mtu tunajua. Nilijaribu kuunda hata mwaitu peke yake, ikaniambia sehemu hiyo inataka niwe kwa mtandao wakati wote. Yaani nilipie bundles ndiyo mama yangu awepo.

Mwaitu mwenyewe aliipokea vizuri. Yeye hakatai mgeni. Alikuja kuiangalia, akaishika kichwani, akaomba kifupi kwamba iwe baraka kwa hii nyumba, na siku chache baadaye akatoka nyuma ya pazia na kitambaa kipya, kikubwa, cheupe chenye maua ya waridi pembeni. Alikuwa amekipima na macho tu na kikaenea mpaka chini. Ile mashine ikakaa kama bibi harusi wa kulazimishwa.

Nilikitoa. Nikirudi kutoka dukani nakuta kimerudi. Nikamweleza kwamba hii inapumulia kwa pembeni. Akaniambia hata ile ya buluu niliwahi kumwambia hivyo, na iko wapi leo, si iko hai? Nikawa nakikunja juu kidogo tukicheza, na akipita anakivuta chini kidogo, na tukaishi hivyo.

Alasiri moja kabla ya ile Jumamosi, jua la Kitui lilikuwa limeketi juu ya mabati kama lina kesi na sisi. Kitambaa kilikuwa kimeshuka. Mwanachuo alikuwa anacheza, anafungwa na mashine, na ile kitu ikaanza kunguruma kama posho mill inasaga mahindi mabichi. Halafu TV ikaandika kitu kwa Kizungu, na mashine ikazima.

"Inasema nini?" mwaitu akauliza kupitia pazia.

"Inasema inasikia joto," nikamjibu.

Niliona aibu kwa niaba ya hiyo mashine. Mimi nimezaliwa hapa, mbuzi wamezaliwa hapa, hakuna mmoja wetu amewahi kuandika barua kwa sababu ya joto. Mwanachuo akasema hosteli kwake kuna feni ndogo, twende tuichukue tuielekeze kwa mashine. Tukapanda boda, tukaenda. Njiani aliniambia kuna mashine ingine inakuja ambayo itakuwa na feni bora. Nikamwambia anyamaze.

Tuliporudi, mwaitu alikuwa ameketi kwa benchi langu, karai miguuni, mikono imekunjwa, na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Karai lilikuwa na maji. Kitambaa cha maua ya waridi kilikuwa juu ya mashine, kimelowa chepechepe, kimeishika mwili mzima. Kwa mashimo ya pembeni maji yalikuwa yanatoka polepole, kama pua ya mtoto mwenye homa.

"Nimeikanda," akasema. "Nilichomoa stima kwanza, usidhani sijui. Sasa imepoa."

Ilikuwa imepoa kweli. Imepoa kabisa.

Mwanachuo alishika kichwa. Mimi nilitaka kucheka mpaka nianguke, halafu nikamwona mwaitu anatuangalia mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Ulisema ina joto," akaniambia. "Wewe ukiwa mdogo ukishikwa na joto si nilikuwa nakukanda? Si ulipona?"

Nikamwambia nilipona, mwaitu. Nikamwambia hii pia itapona, imelala tu.

Tulijaribu. Mwanachuo akasema kwa simu watu hutumia mchele, unazika simu ndani inanyonywa maji. Mchele wa kuzika kitu kama hicho tungeutoa wapi, hii si harusi. Lakini kwetu ndengu hazikosi. Tukaizika ndani ya gunia la ndengu, yote, ikabaki pembe moja nyeupe imechungulia. Mwaitu akaongeza maombi. Kila tukiifukua na kuichomeka, hakuna kitu, hata taa. Na kila tukiitikisa inalia, kwa sababu ndengu ziliingia kwa mashimo ya kupumulia na zikakataa kutoka. Mashine ya kisasa kabisa, ya kuonyesha unyasi mmoja mmoja, ikawa kayamba.

Ile Jumamosi ikafika na kaka akafika nayo, na boksi kubwa chini ya mkono la kubebea ile ya zamani. Mzee wa mbuzi alikuwepo, ilikuwa siku ya soko, na alikuwa ameshaniambia amekuja kucheza mara ya mwisho na ndevu zake. Mwaitu alikuwa nyuma ya pazia na sufuria ya chai.

Kaka akasalimia, akaona TV imewashwa na mashine ya zamani ndiyo inacheza. Akauliza mpya iko wapi. Nikamwonyesha. Akaiinua. Ikalia.

Akaitikisa tena polepole, sikio karibu. "Hii ni nini iko ndani?"

"Ndengu," nikasema.

"Ndengu?"

"Kidogo tu."

Akaiweka chini. Akaanza kuongea, na hapo nilisikia yote ambayo amekuwa akiweka. Kwamba hii ndiyo shida ya kumpa mtu wa darasa la nane kitu cha watu. Kwamba angenunua ng'ombe, hata ng'ombe ningejua kuharibu. Kwamba mimi ni wa kucheka tu, maisha yote kucheka. Nyuma ya pazia kijiko kilikuwa kimeacha kugonga sufuria.

Ningeweza kusema ni nani. Neno lilikuwa kwa ulimi.

"Mashine yako ni takataka," nikamwambia. "Inakuja Kitui na haiwezi joto. Ni nani alikuuzia kitu cha kukaa kwa barafu? Ilisikia joto nikaimwagia maji. Ni mimi. Na ingefufuka ningeimwagia tena."

"Wewe uliimwagia maji?"

"Karai nzima."

Mzee wa mbuzi alisoma ukuta wangu wa makaa kama ni mara ya kwanza kuuona.

Pazia likafunguka. Mwaitu alikuwa ameshika kikombe cha chai cha kaka, na akakiweka mezani kwanza, juu ya kitambaa, kabla hajaongea.

"Ni mimi niliikanda," akasema. "Huyu anakudanganya. Nilidhani ni homa."

Ile hasira yote ya kaka ilikuwa imefika mlangoni na ikakuta mlango ni mama yake. Kaka akaketi kwa benchi, akanywa chai, akaungua. Kwa muda nilifikiri imeisha hapo. Lakini kaka ni mtu wa neno lake. Alimaliza chai, akasimama, akafungua lile boksi, akasema mambo ya mpya tutaona, lakini Mukuyuni wanangoja, na akainama kuchomoa waya za ile ya zamani.

Nikabaki kuangalia mikono yake. Mimi, ambaye huwa na la kusema hata kwa matanga.

Mwaitu ndiye aliongea. "Na ukipeleka hii Mukuyuni," akamuuliza, "mimi nitachezea wapi?"

Kaka akainua kichwa. "Kuchezea nini, mwaitu?"

Mzee wa mbuzi akaona ni zamu yake. "Mama ni namba tano," akamwambia. "Kwani hujui? Shika pad, utamuona."

Alishika kwa heshima tu, nafikiri, kwa sababu mzee amemwambia na mama amesimama hapo. Akachagua Wote, kama nilivyojua atafanya. Mzee akachukua Kwa Vonza. Timu zikatoka, na gemu hupitisha kamera kwa nyuso, na mwaitu akapita akiwa na soksi zake mpaka juu na kile kilemba nilimtengenezea kwa kubadilisha nywele siku tatu. Kaka akasonga mbele kwa benchi. Alicheza vibaya sana, alikuwa anapeleka kila mpira upande wa namba tano, na kila mpira ulibaki huko. Mwaitu wa kweli alikuwa amesimama nyuma yake, kitambaa cha vyombo begani, anajiangalia akimnyang'anya mpira mtoto wake wa kwanza.

Mzee akafunga na ndevu zake nyekundu. Kaka akasimamisha gemu abadilishe mchezaji, akashuka kwa majina ya akiba ya Wote, na akaganda.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe," nikasema.

"Na huu ni mkanda?"

"Hakuna mkanda kwa kaptula. Hiyo ni rangi tu nilijaribu."

"Mbona niko benchi?"

"Huwa huji mazoezi."

Alikunja mikono ya shati. Halafu akajiingiza. Alipata mpira wake wa kwanza pale katikati, akakimbia nao moja kwa moja kwa mama yake, na mama yake akamtoa safi, bila faulo, kaka akaanguka. Nyuma ya benchi mwaitu alicheka, kile kicheko chake cha kujifunika mdomo na mkono, na akasema, "Pole, mwana wakwa."

Gemu iliisha hivyo, kaka amefungwa. Kaka akatoka nje na simu, akampigia yule wa Mukuyuni, na kupitia mabati nilisikia anaeleza kwamba ile mashine ina shida, si ya kuuziwa mtu, ina wazee ndani. Aliporudi, akachukua lile boksi na akaweka kayamba yake ndani, ikalia, akafunga. Mwaitu alikuwa ameshaenda kuchukua kitambaa cha buluu kwa kamba, kikavu, na akakirudisha juu ya ile mashine ya zamani, akakivuta pembe zote nne zikawa sawa.

Kaka akarudi kwa benchi, akashika pad tena, akaanza kutafuta Wote. Akasema sasa ataanza na yeye mwenyewe, namba tisa, na niongeze mbio zake kidogo kabla mechi ianze. Akaniuliza pia kama nimesikia kuna gemu kubwa inakuja, ya magari, jasho la watu linaonekana.

Nikamwonyesha ukuta.

"Achia pad," nikamwambia.